Duara Ndani ya Pembetatu

Mimi nina hasira za karibu. Nalisema mapema ili usije ukanishangaa huko mbele. Watu wa mtaa wetu wa Ng'ambo wanalijua hilo, wanafunzi wangu wanalijua, na mama mkwe wangu alilijua tangu siku ya kwanza nilipofika kwake Bukene nikagombana na jogoo wake kabla sijakaribishwa kiti. Kwa hiyo yeyote anayenifahamu, akisikia kwamba watu waliutazama ukuta wa darasa la sita, tulioupamba mimi na watoto kwa maduara na pembetatu, wakasema umebeba alama za wale watu wa siri wanaotajirika kwa kafara, angetegemea niwashe moto mtaa mzima. Sikuwasha. Nilinyamaza kimya, kwa sababu waliposema kafara, walimtaja mume wangu.

Jina la hao watu silitaji. Kila Mtanzania analijua, limetajwa kwenye saluni na vibanda vya chipsi mpaka limechakaa. Inasemekana wana jicho lao ndani ya pembetatu, wana bikari yao iliyopanuliwa miguu juu ya skwea ya seremala, na kwamba ukitaka kujiunga unaulizwa umtoe nani: mzazi, mtoto, au mwenzi wako wa ndoa. Nilikuwa nayasikia kama wengine, nikiyacheka kama wengine. Nafundisha hisabati. Nilidhani mambo hayo yanawapata wanamuziki na wenye mabasi.

Kazi yenyewe ilianza kwa sababu nilikuwa nimechoka. Jometri ya darasa la sita inataka mtoto awe na bikari, na bikari za watoto wetu ni zile za kwenye vikopo vya bati, skrubu zimelegea, duara linaanzia hapa linamalizikia kule. Mtoto anachora kitu kama kiazi, nawe unamwambia hicho ndicho kipenyo, hicho ndicho kitovu, naye anakutazama kwa huruma. Halafu mwaka huo nikabebeshwa na somo la sanaa, kwa kuwa mwalimu wake alihamishwa na hakuna aliyeletwa. Nikasema sawa, kama nimepewa mizigo miwili nitaifunga kamba moja.

Nikawachukua watoto tukaenda kutazama mlango. Tabora ina milango ya kuchonga kwenye nyumba za zamani, za enzi za misafara, na mmojawapo uko njiani kwetu kabisa, kwenye nyumba ambayo sasa inauza vocha na mafuta ya taa. Watoto walikuwa wakiupita kila siku bila kuuona. Una maua yaliyochongwa kwa matao, kila ua petali sita, na ukiweka uzi unakuta kila petali imepimwa kwa nusukipenyo ya duara lenyewe. Niliwaacha wapime. Mwenye duka alitoka akauliza kama tumetumwa na serikali kuja kuchukua mlango, tukamtuliza.

Tuliporudi niliomba ukuta. Mwalimu mkuu wetu ni mtu mwoga kwa tabia lakini si mtu mbaya. Aliwaza, akashika tama, mwishowe akanipa ule wa nje wa darasa la sita unaotazama barabara. Mfanyabiashara mmoja wa Kihindi wa Kanyenye, mwenye duka la vifaa vya ujenzi, akatupatia makopo ya rangi zilizomdodea: zambarau, nyeusi, na kijani kimoja ambacho watoto walikiita kamasi. Nyekundu tulijitengenezea kwa udongo. Nyeupe ilikuwa chokaa.

Bikari ya mbao ya ubaoni haikufua dafu kwa ukuta mkubwa hivyo. Tukatumia msumari, kamba ya katani na kipande cha chaki. Mmoja anashikilia msumari, mwingine anazungusha kamba, na mimi nasimama nyuma nikifoka, maana anayeshika msumari akipepesa macho tu, duara linakuwa kiazi tena. Polepole wakajua. Wiki ya kwanza tulikuwa na maua kama ya mlangoni. Wiki ya pili tukaweka pembetatu kubwa katikati, na hapo nikawapa swali: tafuteni duara linalogusa pande zote tatu bila kuvuka hata moja.

Walikisia kwa macho. Kila wakikisia, duara linagusa upande huu na ule, wa tatu linauacha njaa. Wakabishana, wakafuta, wakaanza upya, wakaniuliza kitovu kiko wapi, nikawaambia sijakificha mimi. Ndipo msichana mmoja aliyekaa kimya siku zote akauliza kwa nini tusizigawe pembe nusu kwa nusu. Wakazigawa zote tatu kwa kamba. Mistari ikashuka kutoka kila kona ikaenda kukutana mahali pamoja, kelele za watoto zikasikika hadi sokoni. Nimeiona mistari hiyo ikikutana miaka yote ya ualimu wangu na bado mwili unanisisimka. Binti yangu, wakati ule darasa la nne shuleni petu, alikuwa akinisubiri chini ya dirisha. Tangu siku ile alichora pembetatu na duara lake kila penye nafasi, hata kwenye vumbi la kioo cha kabati langu.

Sasa sikiliza walivyomalizia. Duara lilikuwa peke yake katikati ya pembetatu, wasichana wakaliona limepwaya, wakaliwekea tao moja juu na moja chini likae ndani ya kitu kama jani. Tundu la msumari, palepale kitovuni, tulilipaka rangi nyeusi lisionekane. Na mwishoni mtoto mmoja akasema, mwalimu, tuchore na vifaa vyetu, watu wajue tulitumia nini. Nikaona ni wazo zuri. Tukachora bikari imepanua miguu, na chini yake ile skwea tuliyoiazima kwa seremala aliyekuwa akitengeneza madawati. Nilivuka barabara nikautazama ukuta wote kwa mbali. Nikaona maua, pembetatu, jani. Jicho sikuliona, naapa. Wewe uliyesoma mpaka hapa umeshaliona zamani.

Shule zikafungwa kwa mapumziko ya katikati ya muhula. Binti yangu akaenda Bukene kwa bibi yake kama kila likizo. Nikabaki peke yangu, nikasahihisha madaftari, nikalala mchana, nikajiona nimepumzika.

Ujumbe wa sauti ulinifikia kwenye simu kupitia kundi la wazazi. Kwanza ilikuja picha ya ukuta, imekuzwa pale katikati. Kisha sauti ya mwanamke nisiyemjua, taratibu, kama anayesoma matangazo ya misiba. Akasema wazazi wa Ng'ambo mmelala. Akasema tazameni jicho, tazameni bikari, watoto wenu wameshikishwa kamba wakazungushwa bila kujua wanazungukia nini. Halafu akasema: na huyo mwalimu mwenyewe jiulizeni, mume alikufa ghafla, na hata mwaka haujaisha nyumba imeezekwa bati la bluu.

Nimeshaambiwa mengi maishani na nimejibu mengi. Hilo nilishindwa hata kulimeza. Mume wangu aligongwa na lori akiwa kwenye pikipiki, barabara ya Nzega, mchana, jua linawaka. Mabati aliyanunua mwenyewe, machache machache, akayaegemeza nyuma ya nyumba, akasema tukimaliza msimu wa tumbaku tutaezeka. Baada ya msiba nilikuwa nikitoka asubuhi kupiga mswaki nayakuta yameegemea palepale. Siku moja nikasema hapana, aidha haya mabati yapande juu au mimi nihame. Nikamwita fundi. Ndiyo utajiri wangu wote huo.

Kuanzia siku ile mtaa ukanibadilikia. Jirani aliyekuwa akituma mtoto kuazima kinu akawa anatwangia kwa wengine. Mama wa maandazi aliipokea noti yangu kwa ncha za vidole, akaitia kwenye kikopo chake cha pembeni, mbali na nyingine. Watoto wa mafunzo ya jioni hawakuja. Nilikuwa nikitembea na maneno yangu yamejaa mdomoni, tayari kabisa, nikitafuta wa kumtapikia, na kila mtu niliyekutana naye alinisalimu kwa adabu kupita kiasi. Adabu ile ilinichoma kuliko matusi.

Hayo yote ningeyamudu. Simu ya Bukene ndiyo iliyonivunja.

"Shikamoo mama," nilisema.

"Marahaba."

Nilisikia kuku wake. Mama mkwe wangu ni mtu wa maneno, akipiga simu anaanza na mvua, anakwenda kwa mbuzi, anapitia ndugu wote walio hai ndipo afike kwenye shida yake. Siku hiyo hakuanza na mvua.

"Mtoto harudi Jumapili," akasema. "Atabaki huku."

"Mama, Jumatatu shule zinafunguliwa."

"Nimesema atabaki."

"Basi nakuja kumchukua mwenyewe."

"Usije."

Akakata. Nikapiga tena, simu imezimwa. Nikapiga kesho yake, imezimwa.

Nilikaa kwenye kizingiti cha jikoni nikijua kwamba sauti ile imefika Bukene. Huyu ndiye mwanamke aliyelala nami kitanda kimoja siku zote za matanga, mkono wake juu ya mgongo wangu, mimi nalilia mume na yeye analilia mtoto wake wa pekee wa kiume. Kama ameamini kwamba nilimtoa mwanawe kwa ajili ya mabati, basi mtoto wangu nimeshampoteza. Hakuna ofisi ningekwenda kudai. Ningesema nini? Ningekwenda kwa mtendaji wa kata nikamwambia mama wa marehemu anaogopa kumrudishia mjukuu mwanamke aliyemla baba yake? Niliwaza kupanda basi niende hivyo hivyo. Kisha nalikumbuka lile "usije", nakaa tena. Mimi mtu wa hasira, hasira zilinikimbia, nikabaki na woga mtupu, na woga sijauzoea.

Mwalimu mkuu akaitisha kikao cha wazazi Jumamosi asubuhi. Alinipigia kunijulisha, akaongeza kwa sauti ya chini kwamba ameshakoroga ndoo ya chokaa, endapo itahitajika. Nilimwambia akiugusa ule ukuta kabla sijazungumza nitamwagia ndoo hiyo yeye. Akasema sawa mwalimu, sawa, ni endapo tu.

Walikuja wengi kuliko wanavyokuja siku za matokeo. Tulitoa madawati nje, yakapangwa kuuelekea ukuta, kivulini. Nilileta ubao mdogo, kamba yangu, msumari wangu. Nikaeleza. Niseme tu kwamba nilieleza vizuri, nilikuwa nimejiandaa kama mtu anayekwenda kwenye usaili. Niliwachorea pembetatu, nikagawa pembe, nikaonyesha mistari inavyokutana, nikazungusha duara likagusa pande zote. Nikawakumbusha mlango wa duka la vocha, kwamba maua yake ni yaleyale ya ukutani na hakuna aliyewahi kuuogopa. Nikawaonyesha tao la juu na tao la chini. Baadhi wakaanza kuitikia kwa vichwa. Mama mmoja alimnong'oneza mwenzake kwamba hata yeye alisoma hayo, alisahau tu. Nikaanza kupumua.

Ndipo mzee mmoja wa makamo akasimama, baba wa mwanafunzi wangu, mtu wa heshima kanisani. Hakupandisha sauti.

"Mwalimu, hesabu tumekuelewa," akasema. "Sisi tunauliza habari za marehemu."

Maneno yote niliyoyabeba wiki nzima, hakuna hata moja lililotoka. Utathibitishaje jambo kama hilo? Kwa pembetatu nilikuwa na kamba na msumari. Kwa mume wangu sikuwa na kitu. Nilimwona mwalimu mkuu akiitupia jicho ndoo yake.

Bajaji ikasimama nje ya uzio. Alishuka mwanamke amejitanda khanga, kikapu mkononi, akamlipa dereva huku akimgombeza kuhusu mashimo ya barabara, akaingia getini. Nilimtambua kwa mwendo kabla ya uso. Mama mkwe wangu. Nikatazama nyuma yake, nikatazama tena ndani ya bajaji. Alikuwa peke yake. Mtoto hayupo.

Nikaushika ubao. Nikasema moyoni, basi, amekuja kunitolea ushahidi mbele ya watu, na mtoto amemwacha huko ili nisimwone tena. Watu wakamwamkia, shikamoo mama, shikamoo bibi, akaitikia moja moja bila haraka mpaka akafika mbele. Mimi nilipiga goti kidogo kama ilivyo desturi, nikamwamkia. Aliitikia marahaba, akanipita, akawageukia wao.

"Nimewasikia toka pale getini," akasema. "Mnauliza habari za mwanangu. Mimi ndiye niliyemzaa. Mnataka kuniuliza mimi, au mnamwuliza huyu?"

Akaomba kiti. Mwalimu mkuu akakimbilia ofisini akarudi na kiti chake mwenyewe, kile cha mito, akataka kukiweka kivulini. Mama akakichukua, akakisogeza hadi ukutani, chini kabisa ya pembetatu kubwa, akakaa na kuuegemea ukuta. Jani letu lilikuwa juu ya kilemba chake.

"Mwanangu," akaniambia, "sijala tangu jana. Una chakula?"

Chakula nilikuwa nacho, kwenye kontena langu la plastiki: wali na maharage niliyopika alfajiri nikashindwa kula. Nikampelekea kwa mikono miwili. Sasa hapa lazima uelewe. Kwetu, mtu unayemshuku kwa mambo ya kafara, hupokei hata maji yake ya kunawa. Mama wa maandazi aliiogopa noti yangu, na huyu ndiye aliyekuwa na haki kuliko wote ya kukiogopa chakula changu. Mwalimu mkuu akamnawisha mikono kwa jagi la ofisini. Akala. Alikula polepole, kwa mkono, akitafuna kila tonge kama ana siku nzima, na wazazi wote wa darasa la sita wakakaa wakimtazama akila. Hakuacha hata punje.

"Chumvi imezidi," akasema alipomaliza. "Huyu chumvi hajawahi kuijua. Marehemu alikuwa akija Bukene ananilalamikia, namwambia kaoe mwingine, anasema hapana mama, nitakunywa maji."

Kuna mtu alicheka huko nyuma, kisha mwingine. Yeye hakucheka.

"Dereva wa lori alikuja nyumbani kwangu," akaendelea. "Alipiga magoti uani, akasema mama, nilisinzia. Nilimsamehe, Mungu ni shahidi, ilinichukua muda lakini nilimsamehe. Sasa nyie mnataka kumnyang'anya yule kijana kosa lake mumtwike mkwe wangu. Mwenye neno aseme, nipo, basi langu ni la kesho."

Yule mzee wa heshima alikuwa bado amesimama. Akavua kofia yake. Alisema, mama, tumekusikia, pole kwa safari, kisha akanigeukia mimi akasema, mwalimu, tusamehe. Niliitikia kwa kichwa tu. Kikao kikaisha hivyo, bila hata dua ya kufungia. Ndoo ya chokaa mwalimu mkuu aliimalizia kwenye mawe ya njia ya ofisini kwake, yakapendeza kwa kweli.

Tulipofika nyumbani nilimpa kigoda ukumbini, nikafungua kikapu chake. Kilikuwa na michembe, vile viazi vitamu vya kukausha, na karanga, vilevile kama anavyoleta siku zote. Nikaishika ile michembe nikaanza kulia. Nililia kwa sauti, kama ambavyo sikulia kwenye msiba wenyewe, maana kwenye msiba nilikuwa na wageni wa kupikia. Aliniacha nilie. Hakunibembeleza wala hakuniambia nyamaza.

Nilipotulia nikauliza mtoto yuko wapi.

"Kwa shangazi yake, anakula na kulala. Ningemletaje? Sikujua nitakuta nini hapa. Watu wakishasema maneno kama yale, kesho yake wanaokota mawe. Mtoto haletwi kwenye mawe."

Kwa hiyo ile ndiyo ilikuwa maana ya "atabaki". Na "usije" ilikuwa kwa sababu yeye alikuwa anakuja. Wiki nzima nimekufa bure. Nilitaka kumkasirikia, na nakiri hasira zilianza kurudi, nikazikaribisha kama wageni wa siku nyingi. Lakini alikuwa hajamaliza.

"Nisikudanganye," akasema. "Ile sauti iliponifikia, niliiwaza. Alasiri nzima niliiwaza. Ni mwanangu, ujue."

Niliiweka michembe chini.

"Nikamwuliza mjukuu wangu, mama yako shuleni anawachoresha nini? Akasema ngoja nikuonyeshe bibi. Akaenda akamfungua mbuzi, akachukua kamba ya mbuzi na kigingi cha mbuzi, akaanza kunichorea uani nilipokwisha kufagia. Anavuta kamba huku, anaweka alama kule, ananiambia bibi sogea, bibi unakanyaga pembe. Akanichorea pembetatu, akachora na duara. Mara nikaliona jicho lile la kwenye simu, linatoka uani kwangu, na anayelitoa ni mtoto wa mwanangu, kamasi zinamtoka, anaimba. Na mbuzi yuko bustanini anamaliza mchicha wangu wote." Akanitazama. "Nikasema hii ndiyo kafara yenyewe basi, mchicha wangu. Nikakupigia, kisha nikazima simu, watu wasiendelee kunijaza ujinga. Nikaanza kutafuta nauli."

Nilicheka huku machozi bado yananitoka. Nafuu niliyoisikia sijui niieleze vipi. Nilijisikia mwepesi hadi nikaogopa kusimama, nikakaa palepale chini kwenye mkeka, miguuni pake, nikimenya karanga zake na kuzila mwenyewe.

Kitu kimoja tu kilinikereketa, na kwa hulka yangu nisingeweza kukilaza. Nikamwuliza kwa nini hakuniambia kwenye simu. Angesema neno moja tu, kwamba ananiamini, angeniponya siku zile zote za kukaa kizingitini. Angenitumia hata ujumbe kupitia mtu.

Alikuwa anavua viatu. Alimaliza cha pili, akavipanga pembeni ya mlango.

"Ningekuambia kwenye simu," akasema, "tungesikia wawili tu."

Kisha akauliza kama maji ya kuoga yapo, au huku Tabora bado yanakuja kwa zamu.